Hamira ya Binti wa Maandazi

Jumatatu, nikiwa kwenye foleni ya ofisi ya kilimo na chakula hapa Mbinga, mama mmoja kutoka Ngumbo alimwekea afisa chupa ya hamira kwenye kaunta. Binti yake, muuza maandazi wa stendi, alikuwa akiikuza kwa maji ya maganda ya ndizi.

"Haitoi povu tena," mama alisema.

"Aje mwenyewe aliyeitengeneza, mama."

"Tumemzika wiki iliyopita. Nilishika chupa nikaona ina baridi, nikaimiminia maji ya moto."

Afisa aliifungua, akanusa, akainamisha kichwa. "Pole, mama. Maji ya moto yameiua."

Mama akaifunga vizuri, akaiviringisha kwenye kanga, akaondoka nayo.

Maandazi yale nimeyala miaka mingi. Sikuwahi kumuuliza binti yule anayaumua kwa kitu gani. Nilichouliza kila siku ni kama yamebaki.