Vidonge vya Siku za Mume

Kuna siku moja nikiikumbuka, mwanangu, hucheka peke yangu hata nyinyi wajukuu zangu mkadhani nimeanza kuwehuka. Nilikuwa kijana hapa Kismayu, nanyonyesha mtoto wa miezi saba. Kumzaa yule nusura nife kwa kutokwa damu. Mama mkubwa, mkunga wetu, aliniambia waziwazi: "Pumzika miaka mitatu, la sivyo nitakuosha maiti kwa mikono yangu hii."

Nikaanza na sindano. Mimba ilizuia kweli, lakini damu ikawa inadondoka ovyo, leo ipo kesho haipo, sijui niswali au nisiswali. Ramadhani ile nilichoka kwa mashaka. Nikaiacha sindano, nikapewa vidonge, kimoja kila siku.

Sasa, mume wangu alikuwa akienda dago kisiwani Fuma; wavuvi hulala huko wiki mbili tatu wakizamia kamba. Nikajiambia, mume hayupo, kidonge cha nini? Dawa ya homa haimezwi bila homa. Basi nikavifungia sandukuni, nikimeza siku anazokuwepo tu, na najiona mjanja. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona haya.

Haukupita muda nikaanza kutapika kila asubuhi. Mama mkubwa akanipapasa tumbo, akajua nina mimba. "Ulikuwa ukimeza?"

"Nikimeza, mama. Kila akirudi."

Akaketi chini, akacheka mpaka machozi, kisha akalia kweli. Miezi ile tuliishi kwa hofu. Alhamdulillahi, wakatoka pacha wazima, nami nikabaki hai. Ndio hao ami zako wanaogombania ukubwa mpaka leo.

Mume wangu alipowapakata aliuliza, "Hakuna cha wanaume, nimeze mimi huko dago?" Mama mkubwa akamjibu hakijatengenezwa. "Basi wanangoja nini?" akasema, na nyumba nzima ikacheka.

Mwanangu, wewe unakwenda Mombasa kusomea dawa. Zilizopo zimeokoa wengi, usizibeze. Na anayepewa, mfundishe namna ya kutumia mpaka aelewe. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tunahitaji nyingine: isiyovuruga swala ya mwanamke, isiyotaka kukumbukwa kila kukicha, na ya mwanamume pia. Kabla hamjaitengeneza, njooni mtuulize sisi tutakaoitumia.

Mola akupe elimu yenye manufaa, akujaalie uzae kwa wakati uutakao, na kila utakayemzaa akukute hai.