Dume Moja Linatosha

Letlatsa hakuwahi kuvuta bangi, wala kuilima. Bangi ilikuwa mali ya mkewe, Masebueng. Yeye kazi yake ilikuwa kondoo, na kukaa kimya. Masebueng alifariki miche ikiwa imefika magotini, akamwachia shamba la mteremkoni na neno moja: "Mbegu yangu isife."

Neno lenyewe jepesi. Tabu ni kwamba siku ya mazishi Letlatsa alishonewa kitambaa cheusi begani, na mwenye kitambaa hicho haingii shambani mpaka avuliwe. Akiingia, mazao hunyauka. Kwa hiyo, ili mbegu ya mkewe isife, ilimpasa akae mbali nayo.

Bangi ile ilikuwa chotara. Mamake Masebueng alikuwa na ile fupi ya milimani, isiyojali baridi. Mjomba akaleta ile ndefu ya zambarau kutoka pwani ya Wapondo, zikaoana nyuma ya zizi. Kikazaliwa kitu kifupi, kipana, cha maua ya zambarau yanayonata vidoleni, kinachonukia maganda ya chungwa, na nyuma ya chungwa mafuta ya taa. Kila mwaka Masebueng aling'oa madume kabla hayajamwaga vumbi lake, maana jike likifikiwa na lile vumbi hujaa mbegu, na ua lenye mbegu halina mnunuzi. Dume moja tu aliliacha kule nyuma ya zizi, na jike moja kando yake, apate mbegu za mwakani.

"Dume moja linatosha," alikuwa akisema, huku akimtazama mumewe. "Na hilo moja lenyewe halina kazi nyingi."

Mwaka ule sifa za bangi hiyo zilishuka bondeni, kwenye kampuni yenye kibali cha kulima bangi katika mabanda ya plastiki. Akapanda mlimani binti mmoja wa kampuni, Nthatisi, aliyesomea mimea. Alinusa jani, akafumba macho. Akasema matajiri wa ng'ambo wanatafuta kitu kama hiki hiki, adimu, kisicho na mwenzake. Kampuni itakitunza, hakitapotea kamwe. Hata jina wameshalipata: Malkia wa Theluji.

"Ila, ntate," alisema, akimwita baba kwa Kisotho, "maua yasiwe na mbegu. Hata moja."

Letlatsa akaona neno la mkewe limepata mlinzi.

Wakati wa kung'oa madume ulipofika, alimwomba jirani yake Phoka, mtu asiyekosa jibu. Phoka akaingia shambani. Letlatsa akasimama nje ya ukuta wa mawe.

"Ng'oa yale membamba!"

"Membamba? Ntate, umeona wapi dume likawa jembamba? Fahali na ng'ombe, nani mnene?"

"Masebueng alikuwa anang'oa membamba."

"Wewe umewahi kuingia humu?"

"Sijawahi."

"Basi niachie. Mtu mwenye msiba habishani na mtu aliye kazini."

Phoka akang'oa. Mimea minene, mipana, yenye harufu, ikarushwa juu ya ukuta, mmoja baada ya mwingine, ikaanguka miguuni pa Letlatsa. Alipiga kelele. Alitikisa fimbo. Mguu wake mmoja ulipanda ukutani, akagusa kitambaa begani, akaushusha.

"Phoka! Nyumbani kwangu, mimi na marehemu, nani alikuwa mnene?"

Phoka akasimama, mche mkononi. Masebueng akikaa kwenye benchi la kanisa, wawili walihama. Letlatsa blanketi lake humzunguka mara mbili.

"Yesu wangu," alisema Phoka. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo?"

"Sasa yang'oe madume."

"Aa, ntate. Mikono hii imeshakosea leo. Nisije nikamaliza shamba." Akaweka chini ule mche, taratibu, kama mtoto aliyelala, akaenda zake kunywa pombe.

Yalibaki majike machache kwenye kona ya chini, na madume kila mahali. Kesho yake upepo ukavuma. Vumbi la njano likatanda shamba zima, Letlatsa akilitazama kutoka nje.

Maua yalipokomaa, Nthatisi akapanda tena, akiwa na furaha. Alimsomea maneno yatakayoandikwa kwenye kopo la kuuzia.

"Huanza kichwani kwa kicheko, kisha hushuka miguuni kwa usingizi. Hutuliza moyo. Huondoa huzuni."

"Kweli?" aliuliza Letlatsa, na kitambaa chake cheusi begani.

"Ndivyo tutakavyoandika, ntate."

"Mwenyewe aliyeilima alikuwa hivyo hivyo. Mfupi, mpana, hajali baridi. Akianza, unacheka. Halafu unasinzia, yeye bado anasema."

Nthatisi akacheka, akaruka ukuta, akachuma ua moja, akalipasua kwa ukucha. Mbegu zikamwagika kiganjani. Kicheko kikaisha. Akapasua la pili. Akapasua la tatu.

"Imeharibika, ntate. Imejaa mbegu."

"Imejaa?"

"Yote. Haifai kitu. Pole sana."

Letlatsa aliinamisha kichwa, akapokea pole. Gari lilikuwa limeshafika mtoni ndipo akaelewa amepewa pole ya kitu gani: ya mbegu kujaa tele.

Siku ya kuvua msiba walichinja kondoo, shangazi akamnyoa, akakata nyuzi za kile kitambaa. Letlatsa hakungoja nyama. Aliingia shambani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatandika blanketi la marehemu, akapukuchua. Harufu ya chungwa ikamjaa puani, na nyuma ya chungwa mafuta ya taa. Alikaa pale muda. Huzuni haikuondoka. Kopo lilikuwa linadanganya.

Wanawake wa kijiji wakafunga mbegu kwenye pembe za vilemba vyao, kila mmoja fundo lake. Phoka naye akanyoosha mkono.

"Wewe hapana," alisema Letlatsa. Kisha akampa.

Baadaye kampuni ikatuma mtu kuomba mbegu kidogo, wajaribu wenyewe. Letlatsa akajibu kuwa zimeharibika.

Mvua ziliporudi alipanda. Madume yalipojionyesha, aliingia mwenyewe. La kwanza lilikuwa jembamba, refu, limeinama kidogo. Alilishika shingoni.

"Pole, ndugu yangu," akasema, akaling'oa.

Moja aliliacha nyuma ya zizi, na jike kando yake. Akakaa hapo, akajizungushia blanketi mara mbili, akatazama kondoo.