Mukwe Ndani ya Ordinatere

Ninyi mulishawahi kuficha chakula mbele ya mutu asiyewaona? Mimi nilificha!

Binti yangu Zuhura aliolewa kule Kindu, na haya magoti yangu yakakataa safari. Wakanitumia video ya harusi, lakini ordinatere yetu, kompyuta ya hapa Kasongo, iko muzee kama mimi, ikashindwa kuifungua. Mujukuu wangu Asha akasema, "Ngoja, koko, niigeuze kwanza, hii mashine ya zamani ipate kuielewa."

Kamustari ka kuonyesha kazi inaendelea kakatembea polepole juu ya kioo, mi nikaendelea kula muhogo wangu na samaki. Mara, ee Mungu wangu! Watu wazima-wazima, toka kichwa mpaka miguu, na ngoma zao, ndani ya kisanduku kile!

Na mukwe wangu mupya akanikazia macho. Kwetu mama mukwe hakuli mbele ya mukwe! Nikaficha sahani ndani ya kikwembe nilichojifunga, nikainama: "Karibu, baba." Nikarudilia kwa sauti. Nikakasirika: "Mukwe gani huyu hajibu salamu?"

Asha akaanguka chini kwa kucheka. "Koko, hiyo ni video ya juma lililopita! Hakuoni!"

Mafuta ya samaki yalikuwa yananishuka mpaka miguuni. Akanipangusa, akaniahidi: "Siku atakuja mwenyewe, nitakuambia mapema: koko, huyu sasa anaona."