Tonge la Kupigia Picha

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu tulikwenda Matema kula samaki hotelini, na waliokuwepo siku hiyo ni hawa: babu na bibi, wazazi wa baba yangu, mama yangu, akiwa na mimba iliyokwisha kuonekana, baba mkubwa Gwamaka, kaka yake baba, aliyekuwa na kazi ya serikali Dodoma na ndiye mwenye gari, mke wake, mama mkubwa Rehema, mtu wa Singida, kaka yangu Lugano, na mimi. Baba hakuwepo. Kokoa ilikuwa imeanikwa uani kwetu, kule ndani ya Ipinda, mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milimani, na alihitajika mtu wa kuianua.

"Tutamletea kichwa cha samaki," alisema baba mkubwa, akacheka peke yake.

Baba mkubwa alikuwa na tabia ya kuutangaza wema wake kabla hajautenda. Wiki nzima aliwaambia majirani kwamba atawapeleka wazee wake hotelini, wakakae kwenye viti, wale kama watu. Nilikuwa mtoto, lakini maneno hayo yalinikaa vibaya. Nilijiuliza, siku zote babu anapokula kibarazani kwake, huwa anakula kama nani?

Lazima nieleze jambo moja, maana siku hizi hata vijana wa Kyela hawalijui vizuri. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, humkwepa baba mkwe wake. Si kwa sababu ya ugomvi. Ni heshima, tena ya pande zote mbili. Mama aliishi ua mmoja na babu tangu kabla sijazaliwa, na hakuwahi kumtazama usoni. Babu alikohoa kabla ya kukata kona ya nyumba. Mama akisikia kikohozi hicho aliingia migombani, akavuta kanga kichwani, akangoja mzee apite. Na babu alipita akiwa ameangalia upande mwingine, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Nilidhani wakwe wote duniani wanaishi hivyo.

Zaidi ya yote, hawakula mahali ambapo mmoja angemwona mwenzake. Bibi alituambia sababu tukiwa jikoni kwake. "Chakula cha namna hiyo hakikai. Hutoka. Kikiwa na huruma, humtoka yule aliyelazimisha. Kikikosa huruma humwendea mtoto aliye tumboni, akazaliwa hataki ziwa."

Mwaka uliotangulia mama alikuwa amezaa mtoto ambaye hakutaka ziwa. Walimpeleka hospitali, wakalala naye huko, wakarudi naye amefunikwa. Tangu hapo nilimwona mama akisimama na ufagio mkononi bila kufagia. Alikuwa anakumbuka, nadhani, kila mlo aliokula, akitafuta ni wapi alipokosea. Kwa hiyo mimba hii mpya aliibeba kama mtu aliyebeba maji kwenye jani.

Gari la baba mkubwa lilikuwa na safu tatu za viti. Babu alikaa mbele. Bibi na mama mkubwa walikaa katikati. Mama aliingia nyuma kabisa pamoja na sisi watoto, amejifunika. Tulipoanza kuondoka babu aligundua kwamba kile kioo kidogo cha dereva kinaonyesha watu wa nyuma. Akavua kofia yake, akaiweka usoni, akaegemea kiti.

"Baba! Umekuja kutembea au kulala?"

"Endesha, mwanangu. Ziwa nalijua."

Mzee yule alisafiri mpaka Matema akitazama ndani ya kofia. Sisi tulipiga kelele tulipoona mashamba ya mpunga yanaisha na maji yanaanza, na Milima ya Livingstone imesimama moja kwa moja kutoka ziwani. Yeye hakuiondoa kofia. Baba mkubwa alimcheka njia nzima, na hakujiuliza hata mara moja kofia ile ilikuwa ya kazi gani.

Hotelini kulikuwa na meza zenye vitambaa. Kulikuwa na chupa nyekundu ya tomato ambayo Lugano aliikamua mpaka ikatoa sauti ya aibu, na soda zenye mirija. Mimi nilikunja kitambaa cha karatasi, nikakiweka kwenye gauni nikamwonyeshe baba. Baba mkubwa aliisoma orodha ya vyakula kwa sauti, kurasa zote, kama anasoma somo kanisani, ingawa mhudumu alikwisha kusema kilichopo ni samaki wa mbasa na wali.

"Basi lete mbasa mzima kwa kila mtu. Mzima! Na meza ziunganishwe. Tunakula pamoja."

Mama hakuwa amekaa. Tulipoteremka tu garini alikwenda zake nyuma, kwenye jiko la makuti. Nilimfuata. Mpishi alikuwa mama mmoja Mkisi wa Lyulilo, kijiji cha jirani, mikono yake imejaa magamba ya samaki. Alimtazama mama, akaitazama kanga iliyofunika uso, akauliza swali moja tu.

"Una mkwe huko mezani?"

"Ninaye."

"Kaa hapa, dada. Moshi hauji upande huu." Akamtandikia mkeka, akamgeuzia chungu cha kuegemea mgongo. Sijamsahau mama yule. Hakumjua mama yangu, lakini alimwelewa kwa kumtazama mara moja, wakati shemeji yake mwenyewe alikuwa hajamwelewa kwa miaka yote hiyo.

Tulikuwa hatujakaa sana Lugano akaja mbio. "Mama, unaitwa. Baba mkubwa anasema samaki hawaguswi mpaka uje."

Mama alikataa. Lugano akarudi, akaja tena. Mara ya tatu alikuja baba mkubwa mwenyewe na kamera yake ndogo mkononi.

"Shemeji, mimi sikuleta wajakazi hapa. Twende."

Mama akainuka. Angefanya nini? Aliyemwita alikuwa kaka mkubwa wa mume wake.

Mezani bibi alijaribu. "Gwamaka, mwache."

"Mama, dunia imebadilika."

"Imebadilika, naiona. Tumbo la mkamwana halijabadilika."

"Nataka picha moja tu! Familia yote inakula. Ofisini wananiuliza kwetu tukoje. Niwaonyeshe watu wanaokula jikoni na wengine nje, kama tuko matangani?"

Kumbe ndiyo hiyo safari. Tulimwacha baba na kokoa, mzee akafunika uso njia nzima, ili watu wa ofisi fulani Dodoma waone kwamba baba mkubwa Gwamaka ametoka kwenye nyumba ya kisasa. Mimi niliishia darasa la saba, yeye alisoma mpaka vyeti vikajaa ukutani. Lakini hata Lugano, na mrija wake puani, alikuwa ameelewa kwamba mama anaogopa.

Mama alikaa mwisho wa meza, kanga imeshuka mpaka kidevuni. Babu alipoisikia sauti ya kiti kikivutwa, kofia ikarudi usoni.

"Kofia mezani! Baba, vua!"

Babu akaikandamiza kofia. Baba mkubwa akampa mhudumu kamera, akakaa katikati, akatabasamu lile tabasamu la picha.

"Shemeji, funua uso. Tonge moja tu. Tonge la picha."

Mama akafunua mdomo tu. Akachukua tonge la wali, akalipeleka mdomoni, na mimi nililiona likisita kooni kabla ya kushuka. Kamera ikawaka. Nikaanza kulia kimyakimya, maana nililifuata tonge lile kwa mawazo mpaka chini, mpaka alipokuwa amelala mdogo wangu.

"Umeinama. Jingine!"

"Shemeji, nakuomba," mama alisema, kwa sauti ndogo sana. "Nina mtoto."

"Mtoto, mtoto! Hata yule wa mwaka jana mlisema ni mambo ya mkwe. Yule alikufa kwa uzembe wenu."

Mhudumu akashusha kamera. Ziwa lilikuwa linapiga mchanga.

Ndipo mama mkubwa Rehema akasimama. Mpaka siku ile nilimjua kama mwanamke mpole aliyecheka mumewe akicheka. Alifungua kitenge kiunoni, akajifunika kichwa vibaya, kama mtu anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza, kisha akaja kumshika mama bega.

"Inuka, mama Lugano."

"Rehema, kaa chini."

"Nikae wapi? Na mimi ni mkamwana wa nyumba hii. Ila mimi hakuna aliyenifundisha."

Wakaondoka wote wawili. Bibi akasukuma kiti chake, akawafuata bila kumwangalia mwanawe. Lugano akabeba soda. Mimi nikabeba kitambaa changu cha karatasi. Tulipofika nyuma ya ukuta wa makuti tukasikia sauti ya babu, ya taratibu kabisa.

"Haya, mwanangu. Nimevua kofia. Sasa piga picha."

Tuliochungulia tuliona meza ndefu yenye mbasa wazima, baba mmoja, na mwana mmoja.

Mpishi akatusogezea maji ya kunawa. Alipakua ugali wake mwenyewe na usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wa pilipili, chakula alichojipikia yeye na mwenzake, akaweka katikati ya mkeka. Mama alikataa kwanza. Mama mkubwa akamshika mkono. "Kula, mdogo wangu. Hapa hakuna mwanamume." Mama akala, kidogo, halafu sana.

Baadaye tukasikia kikohozi. Babu alikuwa anapita. Alipita mbali na jiko, mgongo ametugeuzia, akaenda kusimama kwenye mchanga, akatazama hayo maji ambayo hakuyatazama njiani. Mpishi akanipa sahani nimpelekee. Babu hakuipokea mara moja.

"Mama yako amekula?"

"Amekula, babu."

"Ameshiba?"

"Ameshiba."

Ndipo akanawa ziwani, akala.

Na baba mkubwa? Alikula. Alisema hawezi kumwachia mwenye hoteli samaki aliowalipia, akamaliza wake, akaingia kwa wa mkewe, akaendelea na wengine kwa hasira, akitema miba kwenye kitambaa cha meza. Mhudumu alipotaka kumfungia waliobaki awabebe nyumbani, alikataa. Hata kile kichwa alichomwahidi baba alikitafuna.

Tukapanda gari kurudi. Kofia ilikuwa usoni pa babu. Mimi niliweka mkono kwenye tumbo la mama, nikingoja kujua kama tonge limefika. Nilikuwa nimeamua kwamba kama mtoto asipocheza mpaka nyumbani, basi amekufa, na nitakuwa mimi niliyeona akiuawa.

Kabla hatujafika Ipinda, katikati ya mashamba ya mpunga, baba mkubwa alisimamisha gari ghafla. Akafungua mlango, akatembea kama amefungwa miguu, akainama kwenye mfereji. Alitapika mpaka tukamwonea aibu. Wanawake waliokuwa wanapalilia wakasimama kutazama. Mmoja akasema, "Pole, mheshimiwa," na mwenzake akageuka upande ili acheke.

Babu alishuka. Alimshika mwanawe paji la uso, kama mtoto mdogo anavyoshikwa, na mkono mwingine akamsugua mgongo. Mama mkubwa akamimina maji ya chupa. Hata mtu wa namna ile alipata watu wa kumshika. Hilo nalo nililiona.

Bibi hakushuka. Aligeuka nyuma, akamtazama mama.

"Kimetoka."

"Kimemtoka yeye, mama?"

"Kimemtoka yeye. Chote. Huyo wa tumboni hana deni."

Mama aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka ndani ya kanga, mabega yakitikisika, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike yule mwingine. "Ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mama." Na mtoto akanipiga teke kiganjani.

Baba mkubwa alirudi garini, akasema ni mafuta ya ile hoteli.

Sasa nina watoto wangu, ninakaa Bondeni, Kyela mjini. Baba mkwe wangu akija kututembelea anakula nasi meza moja, na chapati za kwangu anazisifu. Sijui kama tonge lile lilikuwa na nguvu aliyoisema bibi, au kama mtu yeyote aliyekula mbasa wa ukoo mzima angeinama kwenye ule mfereji. Sihitaji kujua. Ninachojua ni kwamba bibi alikuwa na namna ya kumwondolea mama hofu, na kwamba vyeti vyote vya baba mkubwa havikuweza kufanya kazi hiyo. Mila zinaachwa, ndiyo. Babu mwenyewe, angeombwa vizuri, huenda angeziacha. Lakini kumpokonya mjamzito kanga yake usoni ili upate picha, huko ni kujipenda tu. Namwamkia baba mkubwa kwa heshima zote anapokuja. Simheshimu.

Juzijuzi, baada ya babu kufariki, aliituma picha ile kwenye kundi la familia katika simu. Ameandika chini yake: "Nilipowatoa wazee mtoko wao wa kwanza." Inaonyesha kofia, kanga, na yeye katikati anatabasamu. Nimeitazama mara nyingi. Pembeni mama mkubwa Rehema haangalii kamera. Anamwangalia mama, na mkono wake umeshafika kwenye fundo la kitenge.

Mdogo wetu alizaliwa wakati wa mvua kubwa, wa kike, akapewa jina la Rehema. Alinyonya asubuhi ile ile.