Mwonja Mchanga

Kazi yangu ya kwanza baada ya shule ilikuwa kulamba mchanga. Nilikuwa nimesoma pwani, katika shule ya serikali ya Mdachi, mpaka darasa lake la mwisho. Niliporudi Dodoma kwa gari la moshi, kanzu yangu nyeupe ikinimeremeta mwilini, nilidhani nitapewa meza na kalamu. Kalamu nilipewa. Meza ilikuwa rundo la mchanga.

Hospitali kubwa ilikuwa inajengwa si mbali na stesheni, ya ghorofa, isiyo na boriti hata moja ya mti. Mchwa wetu walikuwa wamekwisha kumlia Mdachi mapaa mawili, na safari hii aliamua kujenga kwa zege lenye nondo ndani. Sisi tuliozaliwa katika tembe, chini ya miti na udongo, tulikwenda kushangaa nondo zimesimama kama mabua ya mtama baada ya mavuno. Zilizungushiwa mbao, zikamiminiwa saruji, mchanga na kokoto zilizokorogwa pamoja, na mbao zilipotolewa lilibaki jiwe.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa pwani, mzee mwenye mikono mikavu kama saruji yake. Siku ya kwanza alinichota mchanga akaniwekea kiganjani.

"Onja."

"Nile mchanga, fundi?"

"Usile, onja. Chumvi na chuma hawalali nyumba moja. Kwetu bawaba za mlango huoza mlango ukiwa bado mzima. Kila mzigo wa punda ukifika, tia chembe ulimini. Ukiwa mtamu, andika. Ukiwa na chumvi, rudisha."

Mchanga mtamu ulitoka korongo la mbali, upande wa Msalato. Upande wa Nzuguni kulikuwa na korongo la karibu zaidi, lakini kule ng'ombe huenda kulamba udongo, na mama yangu mwenyewe alichota udongo huo, akauchuja na kuuchemsha kupata chumvi ya nyumba yetu. Wenye punda walijua hayo vizuri. Walijua pia njia ipi ni fupi.

Kwa wiki mbili nilionja kwa uaminifu. Kisha wanawake waliokuwa wakibeba maji ya zege wakanigundua.

"Jamani, ndama wa Mdachi kaja kulamba!"

"Mama yake ana chumvi chunguni, mwana analamba nje!"

"Mwacheni, ndiko kusoma huko!"

Mmoja wao nilitamani anione msomi, na ndiye aliyecheka zaidi. Tangu siku hiyo niliacha kuonja. Nilitazama mchanga kwa macho, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua, nikaandika.

Fundi alikuwa akihesabu siku. Idd ilikuwa inakaribia, na Mdachi aliyesimamia ujenzi alikuwa amemruhusu kwenda kwao mara zege la dari litakapomwagwa. Alikwisha nunua khanga za mkewe, na kila mchana alizifungua, akazitazama, akazikunja tena. Mimi aliniita mwanawe, na kwa utani hakunipa nafasi. "Ninyi Wagogo," alisema, "mnakula mlenda, kamasi za majani, halafu mnashangaa kwa nini hamnenepi."

Siku moja mama aliniletea uji. Akiningoja ninywe, alikaa kando ya rundo lililosalia baada ya kujengwa nguzo mbili za mwisho. Mkono wake wenyewe ukachota mchanga, kwa mazoea, akaonja.

"Mwanangu, mchanga huu ni wa kwangu."

"Wa kwako vipi, mama?"

"Wa korongo langu la chumvi. Mnapika nini hapa?"

Nguzo zile zilikuwa zimemwagwa jana yake. Ningesema saa ile, mambo yangekuwa mepesi. Sikusema. Nilijiambia kwamba labda chumvi ilikuwa kidogo, labda nondo za Kizungu ni ngumu. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu, fundi akifunga nondo za dari huku akiimba.

Asubuhi ya nne mapipa ya maji yalikuwa yamejazwa na zege la dari lilikuwa tayari kuanza. Likishamwagwa, nguzo zile zingebeba wagonjwa juu yake milele. Nikamwendea.

"Fundi, nguzo mbili za mwisho zina chumvi. Sikuonja."

Alikwenda kwenye rundo, akaonja, akatema.

"Umejua lini?"

"Siku tatu zilizopita."

"Siku ile ningezibomoa kwa sururu. Leo ni jiwe."

Hakunipiga. Nadhani ningefurahi angenipiga. Alinishika mkono mpaka kwa Mdachi, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Bwana, kosa la mchanga ni kosa la fundi." Nikasema hapana, ni langu. Mdachi alitutazama mmoja baada ya mwingine, uso mwekundu, akaamuru nguzo zivunjwe na fundi asiondoke mpaka zisimame upya na kunyweshwa maji siku saba ili zikomae.

Nilizivunja kwa nyundo, mbele ya wanawake wale wale. Hakuna aliyecheka. Kwa mchanga mpya nilionja kila mzigo kwa kinywa wazi, wote wakiniona. Lakini Idd ilimkuta fundi Dodoma, na khanga kwenye sanduku. Hilo sijalisahau, na sitafuti wa kunisaidia kulibeba.

Siku hiyo ya Idd mama alimwalika kwetu. Fundi alichinja mbuzi mwenyewe, tukakaa uani kwenye ngozi. Alikula ugali wa uwele, akala mlenda bila neno, akaongeza. Kisha akasita, akalamba kidole.

"Mama, chumvi hii inatoka wapi?"

"Kule kule," mama akajibu.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi huku ndiko kwake," akasema, akanisogezea bakuli. "Onja, mwanangu."

Nikaonja.