Siku Mama Alipokata Sari ya Masera

Wakati wetu sisi, ukitaka kuona nguo ya mbali ulianza kwanza kunawa miguu. Leo mutoto wa Masisi anapitisha kidole kwenye telefone, robe ya Paris inapita, ya Dubai inapita, na yeye hata hajatoka kitandani. Halafu anasema amechoka! Sisi tulipanda kilima, tukashuka kilima, matope mpaka magotini, na kwenye mulango wa ukumbi wa parokia mwalimu akatupanga mbele ya beseni moja la maji, darasa zima. Aliyenawa wa mwisho alitoka na miguu michafu kuliko alivyoingia nayo. Wa mwisho nilikuwa mimi, sababu nilichelewa njiani nikiruka kamba.

Nazungumzia ile ekspozisyo ya Masera Agata. Wenzangu muliosoma Masisi miaka ile munamukumbuka: mutawa mufupi kutoka India, aliyetufundisha hesabu kwa kuimba, na aliyetia pilipili kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mpaka Papa Bahati, mufugaji wa ng'ombe asiyeogopa hata mvua ya mawe, akasogeza kiti nyuma. Ndugu zake walimutumia masanduku mawili ya kazi za mikono za kwao. Akatangaza kanisani kwamba atavipanga vitu vyote ukumbini, watu waje kutazama. Kutazama tu. Hiyo ilitushinda. Kwetu vitu vikitandikwa mezani, ao vinauzwa, ao ni vya mahari. Sokoni wamama waliulizana, "Sasa Masera anaolewa na nani?"

Mama yangu alikuwa mushonaji. Mashini yake ya kukanyaga ilikaa barazani, na iliponyamaza tulijua chakula kiko tayari. Alikuwa na moyo mukubwa na masikio madogo. Ukimuletea kikwembe, kitenge cha kushona, ukasema unataka mikono mifupi, ulipata mikono ile aliyoona yeye inakufaa. Na ubaya ni kwamba kweli ilikufaa, basi hakuna aliyemugomba.

Siku tatu kabla ya ekspozisyo, Masera alinipa furushi lililofungwa kwa gazeti. "Neema, mupelekee Mama anipigie pasi. Polepole, eh? Ilikuwa ya mama yangu." Mama yake alikuwa amekufa mwaka uliopita, na Masera hakuweza kwenda kumuzika. Tulijua sote, tulimusalia misa. Kitambaa kile kilikuwa kitu kimoja tu cha mama yake alichokuwa nacho. Nilimuambia Mama vyote hivyo, neno kwa neno, naapa.

Mama akakifungua juu ya kitanda. Hariri nyekundu, pindo la dhahabu. Akakipima kwa mukono, toka puani mpaka ncha ya vidole, mara sita. Akakaa chini, macho yamejaa machozi.

"Neema, hii ni piesi muzima. Yadi sita. Haijakatwa!"

Hapa vijana munisikilize, maana nyinyi munanunua nguo imekwisha kushonwa. Kikwembe kwetu kinakuja piesi, yadi sita, na piesi inakatwa vipande vitatu: kimoja libaya, yaani blauzi, kimoja cha kuvaa chini, kimoja cha kujifunga juu ao kubebea mutoto. Mwanamuke mwenye piesi isiyokatwa amekosa mushonaji, ao amekufa kabla ya kuivaa. Mama aliona yote mawili kwa mara moja.

"Masikini mama ya watu! Amekufa hajavaa nguo yake. Na mutoto wake anaibeba hivi mpaka Kongo, hana hata muntu wa kumushonea, na siye tuko hapa tunamuangalia tu!"

"Mama, amesema pasi."

"Utapiga pasi kitu gani, na nguo haiko? Leta makasi. Shika hapa."

Nikashika. Ndiyo, mimi, kwa mikono hii. Alishona siku mbili, wateja wakangoja. Akatoa libaya la mabega ya kufura, ya kusimama mpaka masikioni, maana ndiyo ilikuwa modi ya wakati ule, na sketi ndefu yenye pindo la dhahabu chini. Hakuwahi kushona vizuri hivyo.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbi ulinuka ubani. Kulikuwa na tembo wa shaba, vikapu, na vitambaa vilivyoshonewa vioo vidogo vidogo. Wasichana tukatoa ndimi ili tujione ndani yake. Papa Bahati alisimama muda murefu mbele ya ng'ombe aliyefumwa kwa uzi, ana nundu, pembe zimepakwa rangi. "Huyu wamemupamba," akasema, "lakini mbavu naziona. Wangemupa majani kwanza." Masera alicheka. Katikati ya ukumbi palikuwa na meza tupu, na karatasi juu yake: Sari ya Mama.

Tukaizunguka. Masera akaeleza, "Kwetu sari haikatwi, haishonwi. Mwanamuke anajizungushia yote, nzima. Hii tunayoingoja, mama yangu aliivaa siku ya ndoa yake."

Nikageuka, na nani yuko mulangoni? Mama, amevaa ya Jumapili, mudogo wangu Furaha mugongoni, furushi kichwani, anacheka mpaka meno ya nyuma. Nikamupungia mikono yote miwili kwamba arudi. Akafurahi, akanipungia na yeye.

Masera akamutua furushi, akalifungua. Akainua libaya kwa mabega yake. Mama akasoma habari yote usoni kwa Masera. Akapiga magoti pale pale kwenye simenti.

"Masera, nimekuharibia mama yako."

"Lakini imeshonwa muzuri," akasema Papa Bahati, na wamama wakamukata jicho.

Sijawahi kuogopa vile, hata mbele ya fimbo. Masera akaweka libaya mezani, akachukua kile kipande cha tatu, ambacho Mama hakukigusa kwa sindano. "Na hiki? Ni cha nini?"

"Ya kubebea mutoto," Mama akanong'ona.

"Mimi mutawa. Mutoto gani?"

Mama akasimama, akamufungua Furaha mugongoni mwake, akamuweka mugongoni kwa Masera, akazungusha hariri, akafunga fundo kifuani. Masera akashika fundo kwa mikono miwili. Machozi yakamutiririka, hakuyapangusa. "Mama alinibeba sana," akasema, "lakini kwa hii hakunibeba hata siku moja. Aliogopa nitaichafua."

Basi alituzungusha ekspozisyo yote hivyo, mutoto mugongoni, akieleza vikapu na shanga. Tulipofika kwa tembo wa shaba, Furaha akakojoa. Masera akasimama, akahisi moto ukishuka mugongoni, na akacheka mpaka akakosa pumzi, akamushika Mama begani, na Mama naye akacheka huku akilia.

Mwezi uliopita nilimupeleka binti yangu kwenye ekspozisyo nyingine ya nguo za India, huko Goma. Sari zimefungwa nyuma ya kamba, mulinzi, karatasi ya kukataza kugusa, hakuna hata anayekuangalia miguu. Binti yangu alimaliza ukumbi muzima kabla sijavua koti. Nikamuonyesha moja nyekundu, nikamuuliza anafikiri ilikuwa ya nani.

"Ya nani namna gani, Mama? Ni ya ekspozisyo."

Akatoka kutafuta soda. Nilibaki pale peke yangu, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, mulinzi hayuko. Nikanyoosha mukono juu ya kamba, nikaigusa.