Ndunge, Mfagiaji wa Dhahabu, na Swali la Sita

Saa mbili na nusu asubuhi, Kenyatta Market. Majiko ya nyama choma ndiyo kwanza yanawashwa, na ndani ya saluni moja ya vibanda vya nyuma Ndunge Muthama amechuchumaa na brashi ya mkono. Anafagia. Haanzii mlangoni. Anaanzia ukutani, akija katikati polepole, brashi ikilala sakafuni bila kurushwa hata kidogo. Nywele za bandia zilizokatwa jana zinakusanyika mbele yake. Kisha anapitisha kidole kwenye ufa wa saruji.

"Mama Musili, hizo ni nywele tu!" anamtania Maureen, mwenye saluni. "Unafagia ni kama umeangusha pete."

Ndunge, mwenye umri wa miaka 48, anacheka kidogo na kuinama tena. Mkono umezoea. Kwa miaka ishirini na miwili, kilichokuwa mbele ya brashi yake kilikuwa dhahabu.

Alikuwa mfagiaji katika karakana ya sonara, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu katikati ya jiji. Mwenye karakana ni mzee Bhagwanji, ambaye sasa ana miaka 81. Mafundi wake wanne walitengeneza bangili na mikufu ya harusi, na kila tupa ilipopita juu ya dhahabu, unga laini ulianguka. Ulikaa kwenye meza, kwenye kope za macho, kwenye pindo za nguo. Unga huo ni mali, na kazi ya Ndunge ilikuwa kuhakikisha haupotei.

Kila jioni kabla ya kutoka, kila mtu alichana nywele kwa kitana chembamba juu ya sinia, mzee mwenyewe akiwemo. Walikung'uta nguo. Walinawa mikono juu ya pipa ambalo maji yake hayakumwagwa ovyo. Aproni zilifuliwa humo humo, na zilipochakaa zilichomwa pamoja na mifagio, majivu yakayeyushwa mara moja kwa mwaka, kabla ya Diwali, sikukuu ya Wahindi, ili dhahabu itoke.

"Kuna mwaka tulipata gramu kumi na nne kutoka kwa takataka," anasimulia Ndunge, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso unamkunjuka. "Mzee aliniita mbele ya mafundi. Akasema, hii yote ni ya Mama Musili. Akanipa bahasha na boksi la peremende zao."

Januari mwaka huu karakana ilifungwa. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, na mwanawe Akash, daktari wa meno, hakuitaka kazi ya baba. Ndunge alitoka na nguo zake mbili na kiti cha plastiki alichopewa.

Mwezi uliofuata mmoja wa mafundi wa zamani alimpigia simu. Kampuni moja kubwa ya dhahabu, yenye karakana karibu na Waiyaki Way, ilikuwa ikitafuta mfagiaji anayeijua kazi hiyo. Mshahara ulikuwa shilingi elfu thelathini na mbili, pamoja na bima ya matibabu. Kwa mzee alikuwa amefikia elfu ishirini na moja. Na kutoka chumba chake cha Kangemi angeweza kwenda kazini kwa miguu.

Mzee Bhagwanji alitamka barua ya kumpendekeza, binti yake Indu akaipiga chapa. Barua ilikuwa fupi. "Ni mwaminifu kuliko mimi," ilisema sentensi ya mwisho.

Usaili ulikwenda vizuri. Ndunge alionyesha namna ya kufagia, na waliokuwa wakimsaili wakatazamana kwa kuridhika. Ikabaki hatua moja tu, ambayo kila anayeomba kazi hapo lazima aipitie: kipimo cha poligrafu, ile mashine ya kupima uongo.

"Sikuogopa," anasema. "Mimi si mtu wa mkono mrefu. Niliona ni kama kupimwa presha tu."

Kipimo kilifanyika Machi, katika ofisi ya ghorofa ya tisa huko Westlands. Mpimaji, Tobias, alikuwa kijana mpole aliyevaa tai. Alimfunga mikanda miwili kifuani, kitambaa cha kupima presha mkononi, na nyaya kwenye vidole. Kisha akamsomea maswali yote kumi kabla hajaanza, kama ilivyo desturi, ili lisiwepo la kumshtukiza. Ya kwanza yalikuwa mepesi. Swali la sita ndilo lililomkaba: "Umewahi kutoka na dhahabu ya mwajiri wako na usimwambie?"

Hapo ndipo alipopaswa kufungua mdomo. Anakiri mwenyewe, wala halaumu mtu.

Kwa kuwa ilikuwapo siku moja. Mwaka 2011 jirani alimpigia simu kutoka Kangemi kwamba Musili, mwanawe wa pekee, wakati huo wa miaka sita, amejimwagia uji wa moto. Ndunge aliacha brashi sakafuni akatoka mbio. Hakuchana nywele. Hakunawa mikono. Hakuna aliyemzuia, na mtu gani angemzuia? Alikaa na mtoto hospitalini siku mbili, na waliporudi nyumbani aliinama kuosha kichwa kwenye karai.

"Nikaona kitu kinametameta chini ya maji," anasema. "Kadogo sana. Hakafiki punje ya chumvi. Nilikaangalia. Mtoto analia ndani. Nikamwaga maji kwa mtaro."

Kesho yake alikwenda kazini akiwa amejipanga kumwambia mzee. Lakini mzee alimwahi mlangoni, akamuuliza hali ya mtoto, akamtia mkononi noti za kununulia dawa.

"Sasa mtu amenipa pesa ya dawa," anasema Ndunge, akikunjua mikono. "Ningemwambiaje kwamba nimemwaga dhahabu yake kwa mtaro? Nikasema nitamwambia wiki ijayo."

Wiki hiyo imekuwa miaka kumi na minne.

Mashine haikuwa na nafasi ya hadithi kama hiyo. Tobias alikuwa ameeleza kwamba kila jibu ni ndiyo au hapana, na kama kuna swali lenye utata, liulizwe kabla. Ndunge alinyamaza. Kazi aliitaka mno. "Niliona nikianza mambo ya karai na nywele, huyu kijana ataniona mwizi mwenye maneno mengi," anasema. "Nikajibu hapana."

Maswali yalirudiwa mara tatu. Kila walipokaribia la sita alilisikia likija, na moyo, anasema, ulikuwa ukipiga hadi masikioni.

Mashine ilipozimwa Tobias alisogeza kiti. "Mama, hilo swali la sita limesumbua," alimwambia. "Kuna kitu kiko kwa roho ungetaka kusema?"

Akasema. Alisema yote, uji, hospitali, karai, noti za dawa. Alilia hadi akaletewa karatasi za kufuta machozi. Mtu aliyebeba neno miaka kumi na minne akilitua hujiona mwepesi, na Ndunge aliondoka pale akiamini amefaulu. Kabla ya kutoka alipewa karatasi atie sahihi. Anayo nakala, ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Maelezo ya mpimaji ni mstari mmoja: "Mwombaji amekiri kutoka na dhahabu ya mwajiri wake wa awali bila kumfahamisha."

Uji haumo. Mtoto hayumo. Punje ya chumvi haimo. Na bado, ukiisoma karatasi hiyo neno kwa neno, hutapata uongo hata mmoja. Hilo ndilo linalouma.

"Niliisoma nikaona ni kweli," anasema. "Nikaweka sahihi."

Siku sita baadaye ulikuja ujumbe wa simu, wa kumshukuru na kumtakia kila la heri. Ofisa mmoja wa kampuni hiyo, aliyeomba jina lake lisitajwe, anasema aliyekataliwa anaweza kuomba tena baada ya mwaka mmoja, na kwamba mashine haiamui peke yake. Tobias, alipotafutwa, hakukubali kuzungumzia mtu yeyote aliyempima. "Mimi napima," alisema. "Siajiri."

Sasa Ndunge hulipwa shilingi mia nne kwa siku saluni. Wateja wakipungua, hutafuta kibarua cha kufua nguo Uthiru, kazi isiyomwachia kingi ila mgongo kuuma. Musili, ambaye sasa anasomea ufundi wa umeme, amemletea dawa ya siku hizi: video za simu zinazofundisha jinsi ya kuihadaa mashine. Anataka mamake akiulizwa swali lile mwakani abane kidole cha mguu ndani ya kiatu na kuhesabu kurudi nyuma.

"Nilimwambia azime hiyo kitu," anasema Ndunge. "Kwamba nilikosa kazi kwa kusema ukweli, sasa nijifunze uongo ndio niaminike?"

Lakini si kazi inayomnyima usingizi. Kabla ya kutuma ule ujumbe, kampuni ilimpigia simu aliyeandika barua, kuthibitisha habari hiyo ya dhahabu. Indu aliipokea simu na kuiweka sauti ya juu ili baba asikie. Hivyo ndivyo mzee Bhagwanji alivyopata habari ile, kutoka kwa mtu asiyemjua, akiwa mezani kwake Parklands.

Tangu siku hiyo Ndunge hajakanyaga kwa mzee. Ni miezi mitano. Simu ya Indu imelia mara mbili, na mara mbili ameitazama ikilia mpaka ikakoma. "Miguu inakataa," anasema. "Huyu mtu aliandika mimi ni mwaminifu kuliko yeye. Nitamwangalia na macho gani?"

Mzee tulimkuta ameketi karibu na dirisha, kikombe cha chai mikononi. Alipotajiwa jina la Ndunge aligeuza uso haraka, akidhani amekuja.

"Hiyo dhahabu ni kitu gani?" alisema. "Mimi mwenyewe nimetoka nayo ndani ya kucha miaka sitini. Hakuna sonara hajui." Indu alimshika bega. "Lakini tulikunywa chai pamoja kila siku, mimi na yeye," akaendelea mzee kwa sauti ya chini. "Kwa nini mashine ijue kabla yangu?"

Maneno hayo alifikishiwa Ndunge saluni, alasiri, akiwa anakunja taulo. Aliacha kukunja. Maureen alipunguza redio. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Mzee ana haki," alisema. "Hilo ni swali la haki."

Ameshaomba ruhusa ya Jumamosi kutwa. Ataomba kazi tena mwakani, ndiyo, na wakimuuliza la sita atasema ndiyo, hata kama anajua mstari utakaoandikwa. Hilo ameliweka kando. Jumamosi anakwenda Parklands.

"Siendi kuomba barua nyingine," anasema. "Nataka aniulize yeye mwenyewe, nikiwa mbele yake, nimjibu. Nikimaliza kumjibu, anifukuze kama anataka."